Hapa Hakuna Majina

Bosibori alisimama nje ya pazia la kijani, nambari tisa imebandikwa kifuani, macho yakimwasha kwa usingizi. Nyuma ya pazia mgonjwa alikohoa. Alikuwa amekwisha kuwafukuza watahiniwa wanane.

"Kila anayeingia, mzee anatikisa kichwa na kusema, 'Bado,'" Daktari Farhiya, msimamizi wa mtihani, alimnong'oneza. "Wenzako nimewapa wagonjwa wengine. Mmebaki wewe na yeye. Masharti unayajua, dada: hapa hakuna majina. Wewe ni nambari, yeye ni mgonjwa. Mkiwa mnajuana, mtihani wako umefutwa."

Bosibori aliitikia kwa kichwa. Mwaka jana alianguka. Akianguka tena, chuo kinamtoa, anarudi maabara kule Nyamira, kwenye vichupa.

Si kwamba aliichukia maabara. Alichoka tu kukutana na watu wakiwa tone la damu chini ya hadubini. Alijua nani ana malaria na nani hatauona mwaka mpya, lakini hakuwahi kumshika hata mmoja wao mkono. Ndipo akaomba masomo ya afisa wa kliniki. Siku za wiki darasani Kisii, Jumapili maabara, na katikati majani chai ya kuchuma, watoto, nguo. Uchovu ulimganda mwilini kama utomvu wa mgomba.

Na kulikuwa na baba mkwe. Kati ya mzee na mke wa mwanawe, Wagusii wana chinsoni, ile heshima ya kukaa mbalimbali: hawashikani mikono, hawaingiliani nyumba, hawatazamani usoni. Mzee Obwocha aliishikilia chinsoni kwa meno yote. Hata kumgombeza Bosibori alipitia kwa ng'ombe.

"Umesikia, wewe ng'ombe?" alipaza sauti kando ya ua, siku habari za chuo zilipofika kijijini kwao, Ikonge. "Watu wa boma hili sasa wataenda kupapasa wazee matumbo! Aibu hiyo utaibeba wewe kwa pembe zako?"

Bosibori, jikoni, alichochea moto. Angemjibu nani, ng'ombe?

Siku hizi mzee alivaa koti zito hata kwenye jua la mchana, na sahani yake ilirudi nusu. Angwenyi, mume wa Bosibori, alipomsihi aende hospitali, alifoka: "Mimi sipapaswi na watoto wa watu!"

Sabato iliyopita, kanisani, lilisomwa tangazo la kuomba wagonjwa wa kujitolea kwa mtihani huo. Mzee alitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Jioni akamgeukia ng'ombe. "Na huo mtihani wao, mtu akianguka tena anarudishwa nyumbani, sivyo?"

Bosibori alisikia, akajua anaombewa kuanguka.

Sasa Daktari Farhiya alivuta pazia.

Kwanza Bosibori aliliona koti. Lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya magoti. Kisha akamwona mwenye magoti, na stethoskopu ikamponyoka mkononi. Mzee Obwocha alimtupia jicho mara moja tu, akageuza uso ukutani.

Hakusema, "Bado."

"Mnajuana?" Daktari Farhiya aliuliza.

Bosibori aliinama kuiokota stethoskopu. Aliona jasho la masomo yake yote likimwagika pale sakafuni.

"Nimjulie wapi?" mzee alifoka, bila kugeuka. "Si mmesema hapa hakuna majina?"

Akalala chali, akapandisha shati mpaka kifuani. Tumbo lilikuwa limevimba, ngozi imekazana kama ya ngoma.

"Shika, nambari tisa," akauambia ukuta.