Kenge na Uwanja wa Maswali

Wanyama wa bwawani walikuwa na uwanja wa mchanga: mwenye swali aliliandika, mwenye jibu alijibu chini yake. Kenge, aliyepewa kazi ya kuusafisha, alipenda mchanga mtupu kuliko majibu.

Digidigi akaandika: "Jamani, mbona maji yananuka?"

"Maelezo hayatoshi," Kenge akasema, akalifuta kwa mkia.

Kanga akaja akauliza hilohilo, akaeleza mpaka rangi ya povu.

"Limeshaulizwa," Kenge akasema. Mkia ukapita.

"Sasa liko wapi, bwana mkubwa?"

"Nimelifuta. Utaratibu ndio huo."

Kenge akautazama uwanja unavyopendeza, roho ikatulia, akaenda bwawani kukata kiu. Haukupita muda, tumbo likaanza kumsokota. Akajikokota kurudi, akaandika kwa ukucha: "Nimekunywa maji ya bwawa, nakufa. Dawa yake nini?" Kisha akageuka kwenda kujilaza kichakani angoje jibu, na mkia, kwa mazoea, ukafagia nyuma yake.

Kobe, aliyeijua dawa ya maji yale, akapita pale polepole. Akaukuta mchanga mweupe, hauna hata mkwaruzo.

"Afadhali," akasema, "leo wote wazima." Akaenda zake.