Arobaini ya Mtoto

Tak! Kifungo cha mkanda wa mume wangu kilinigutua gizani kabla ya adhana ya alfajiri. Shomari alikuwa anavaa bastola yake. Leo, arobaini ya kichanga wetu ikitimia, na mimi ningevaa yangu.

Mzazi akiwa ndani haulizwi bastola. Arobaini nzima binti yangu Mwanatumu, wa miaka minne, alilala ameniganda kama kupe. Lakini nikitoka tu, sheria ni ile ile: kila mtu mzima aivae mahali pa kuonekana. Anayeificha ni muuaji, hata kabla hajaua.

Mchana mama mkwe alinifunga mtoto mchanga mgongoni kwa kanga. Nikavuta pindo, likafunika kiuno.

"Wee! Funua hapo."

"Leo tu, mama. Mwanatumu anaiogopa."

"Atazoea. Wewe hukuzoea? Wageni wakikuona umefunika watasema umemtegea nani? Hata ubwabwa wako hawatauonja!"

Jikoni wote wakacheka. Akalikunja pindo mwenyewe, akalipachika juu. Kila nilipopiga hatua, kisigino cha mtoto kiligonga kitako cha bastola.

Nikatoka sebuleni. Vigelegele vikapasuka. "Mashallah, mzazi kapendeza! Na inang'aa!"

Nikachuchumaa, nikamfungulia binti yangu mikono. Alikuja mbio, akafika katikati ya mkeka, akasimama. Alikuwa anatazama kiuno changu. Akasema kwa sauti, wageni wote wakasikia:

"Mama, leo usinishike."