Namba Zisizo na Mikia

Sikuwa na shahada, wala kompyuta nyumbani, wala moyo wa kuuliza. Cheti cha shule ya usiku kilinitosha.

"Mzee Ilyasi, kweli sumu kisimani ni sifuri?" Uwase, msaidizi wangu mpya, aliniuliza katika ofisi yetu ya kupima maji mtaani Biryogo.

"Soma jedwali, binti. Namba zangu hazina mikia."

Akaandika amri moja kwenye skrini nyeusi: onyesha desimali mbili. Sifuri yangu ikawa 0.43, mara nne ya kiwango salama.

Mimi ndiye niliyeiamuru programu ifiche desimali, ili jedwali lipendeze. Masikio yakanichoma.

"Watu wanakunywa maji hayo, mzee," alisema taratibu.

Nikamwandikia mkuu wa maji kwa mkono: "Fungeni kisima leo. Kosa ni langu, si la mashine."

Nikalamba bahasha kwa ulimi mkavu. Haikushika. Nikalamba tena, nikaibana, nikampa mwenye pikipiki aipeleke.