Tandiko Mlangoni

Hekta, mchuuzi wa kizungu aliyeoa kwa Wacheroki, wenyeji wa asili wa Amerika, alirudi nyumbani na ofisa wa serikali. Asubuhi hiyo Hekta alikuwa amemuuzia ofisa huyo nyumba, miti ya matunda na ardhi yote hadi mtoni.

Nje ya mlango walikuta tandiko lake la farasi, na juu yake shati na bunduki.

Ofisa akacheka. "Una bahati, bwana. Mkeo keshakufungia safari."

Hekta hakucheka. Kwa Wacheroki nyumba ni ya mwanamke, na mume akishatolewa tandiko nje, ameachwa.

Ubavuni mwa nyumba Kweti, mkewe, alikuwa akitwanga mahindi.

"Kweti," Hekta alimwita kwa sauti ya chini. "Serikali ingetunyang'anya bure."

"Umeuza nyumba ya nani, mgeni?" aliuliza bila kugeuka, na mchi haukusita.

Hekta akainama alinyanyue tandiko, likamteleza mkononi. Lilikuwa limepakwa mafuta, na ule ukanda uliokatika tangu mwaka jana ulikuwa umeshonwa upya, kwa mshono mdogomdogo wa mtu asiyekuwa na haraka.