Sala Haikatizwi

Jumanne, tarehe tisa Juni, kulikucha na ukungu uliolala chini, bila upepo hata wa kutikisa jani.

Fundi wa zamu alimkuta kaka yake amepiga magoti kando ya pipa kubwa la kiwanda, paji la uso sakafuni. Ndani ya pipa, vijidudu vilikula hewa ya kaboni kwa nguvu ya umeme na kugeuka unga wa protini. Kaka mtu hakuanza kazi bila kuviombea, ndiyo maana wenzake walimwita Askofu.

Basi akangoja mlangoni. Sala haikatizwi.

"Askofu, tubakizie baraka na sisi!" mlinzi alitania nyuma yake.

"Koma wewe. Mwache amalize."

Wakangoja. Unga mwembamba ulikuwa umemtanda kaka yake mdomoni, na haukupeperuka hata kwa pumzi.

Fundi alipoinama kumgusa bega, kichwa chake mwenyewe kikazunguka. Ndipo akasikia bomba likivuja, fyuuu. Hewa ile ya kaboni haina harufu, na ni nzito, hujaa chini kama maji. Aliyesimama hupumua, aliyepiga magoti huzama.

Walimburuta hadi uani. Mlinzi alimkandamiza kifua mpaka mikono ikamlegea.

Meneja akavua kofia. "Ni mapenzi ya Mungu, dada."

"Mungu usimsingizie." Alikuwa akimfuta kaka yake unga mdomoni kwa kidole gumba. "Nanyi nyote mwe mashahidi. Kuanzia leo, nikimkuta mtu amepiga magoti mle ndani, nitamkatiza. Hata kama amebakiza amina."