Mume wa Mke Mmoja

Siku hizo hakuna aliyewekewa mikono kuwa mzee wa kanisa kabla kuta za nyumba yake hazijamtolea ushuhuda. Zamu ya Elinihaki ilipofika, kuta zake zililiambia baraza la wazee, "Nyumba hii ina wake wawili."

Wazee wakacheka. Huyo wa pili alikuwa Bibi Namsifu, bibi yake aliyemlea. Kila asubuhi alimwita mjukuu wake "mume wangu," kisha akamchokoza Nakunda, mkewe: "Mke mwenzangu, umemuunguzia mume wetu uji tena!"

"Pika wewe basi, kizee mwenye wivu!"

Lakini kuta hazikujua utani, na Andiko linataka mume wa mke mmoja. Mchungaji akamwambia Elinihaki, "Mwombe bibi aache, ushuhuda usafike."

Elinihaki alikuwa ameusubiri utumishi huo kwa maombi miaka mingi. Alipiga magoti, akamwomba bibi. Bibi akakubali.

Jumapili akawekewa mikono. Kesho yake akaketi mezani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mzee Elinihaki," akajibu taratibu, kama anayejibu mgeni.

Nakunda akaandaa uji. Ulikuwa umeungua, na hakuna aliyemchokoza.

"Nyumba hii ina amani," ukuta ukatangaza.

Hakuna aliyeitikia amina.