Kobe Mkaidi na Mwanga wa Pangoni

Maharage hayajaiva na nyinyi mnataka hekaya. Haya, nasimulia mara moja tu.

Wanyama waliishi pangoni, gizani. Kifaru aliwasukuma siafu kwa pumzi yake, wakazunguka kwenye handaki la duara na kumrudia. Katikati ya handaki alikaa Kobe mbishi, akibana njia. Siafu walipenya ubavuni mwake wakisuguana naye, hadi gamba likapata moto, likang'aa. Jua chini ya ardhi, jamani! Hata watoto wa Fisi waliacha kulia, wakaduwaa.

Fisi mwenye tamaa akasema, "Babu Kobe, pisha! Siafu wakipita wengi, mwanga utazidi."

"Nikitoka, mjukuu wangu, Kifaru hatapunguza pumzi."

"Mkaidi hafaidi!" Fisi akamvuta mguu, akamtoa.

Kifaru alisukuma vilevile, hakuongeza hata kidogo. Lakini siafu walifurika maelfu kwa maelfu, pasipo gamba la kung'arisha mwanga ukazimika, kuta walizozisugua zikapata moto, handaki zima likachemka, na nyasi walizolalia watoto wa Fisi zikashika moto. Fisi akakimbia, akaziba njia kwa makalio yake mwenyewe. Siafu wakapungua, handaki likapoa, mwanga ukarudi, sasa makalio ya Fisi ndiyo yanang'aa, wote wakastaajabu.

"Babu, rudi mahali pako, naungua!"

"Kaa hapo hapo," Kobe akasema. "Leo mkaidi ni wewe."

Fisi yuko pale mpaka leo, na makalio hayana unyoya.